Mwanangu anasoma picha, maneno yanampita: nimhamishe shule au nibaki nipambane?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo mama.

Naandika nikiwa wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto watatu. Mume wangu analima korosho na ufuta kidogo, mimi nakaanga mihogo na kuuza pale shuleni wakati wa mapumziko. Naomba jina langu na la kijiji lisitokee, maana huku tunajuana wote.

Shida yangu ni binti yangu wa pili. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule ya Serikali ya hapa kijijini, shule yenye watoto kama 600. Kila muhula analeta karatasi ya matokeo nzuri tu. Juni hii alikuwa wa 14 kati ya watoto 103, na Kiswahili alipata 33 kati ya 50. Nilifurahi, nikamnunulia viatu.

Siku chache baadaye tumekaa barazani, nikamwambia anisomee kitabu chake cha Kiswahili. Akasoma kwa sauti, kidole kinatembea chini ya mstari: mama anachota maji kisimani, mtoto amebeba ndoo. Lakini niliona kidole kimeshafika mstari wa tatu na mdomo bado uko wa kwanza. Nikaweka kiganja changu juu ya picha. Akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akanitazama usoni, akautazama mkono wangu. Nilipoutoa, akaendelea pale pale alipoishia.

Nikachukua mkaa nikaandika sakafuni "baba", "meza", "kalamu". Hizo akazisoma taratibu. Nikaandika "korosho". Akasema "ko", akasema "ro", akakwama, halafu akabahatisha: "korongo?" Mtoto aliyezaliwa chini ya mkorosho, mama. "Mwalimu" hakuiweza. "Ng'ombe" hakuiweza. Usiku ule sikulala.

Sikulala kwa sababu ya kaka yake. Alimaliza darasa la saba shule hiyo hiyo mwaka juzi, hakuchaguliwa kuendelea, sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Amemaliza hawezi kuandika barua. Na kwake yeye nina hatia. Kila msimu ulipoingia, Oktoba hadi Desemba, nilikuwa namzuia siku mbili tatu kwa wiki aende shamba kuokota korosho. Huyu wa kike nimeapa asikose hata siku moja, na mwaka huu hajakosa.

Kabla shule haijafungwa tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu akasoma matokeo ya darasa la saba ya mwaka jana, shule yetu imekuwa ya mwisho katika kata. Akasema lawama ni zetu wazazi, hatuleti watoto, hatuchangii uji, watoto wanashinda njaa. Nikanyoosha mkono. Nikasema wangu hajakosa shule, anakula kabla ya kuja, na kusoma hajui. Hiyo namba 14 inatoka wapi? Tulikuwa chini ya mwembe, watu zaidi ya sabini, kimya kama msibani. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akasimama akasema mambo ya mtoto mmoja yakazungumzwe ofisini.

Tangu hapo sina raha. Mwalimu wa darasa lake alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe ndiye wa yule mama anayetufundisha kazi?" Alirudi analia. Mwalimu wa zamu akanitaka mihogo yangu nikauzie nje ya eneo la shule, na wenzangu wanaouza maandazi wako ndani mpaka leo. Shemeji hapiti tena kwangu. Na usiku wa siku ile ile ya mkutano walinijia kina mama watatu, mmoja mmoja, kuniambia na watoto wao hawasomi. Nikawauliza mbona mlinyamaza? Mmoja akanijibu, "Wewe mwenyekiti ni shemeji yako, watakuvumilia. Mimi nina nani?"

Sasa nimefikiria mambo mengi. Dada yangu yuko Mtwara mjini, Chikongola, anauza samaki. Yuko radhi kumchukua, na anasema shule ya karibu naye inafaulisha sana. Ana mtoto mchanga wa miezi minne, kwa hiyo mara nyingi yupo nyumbani au anarudi mapema. Akiwa huko hata suala la unyago Desemba, ambalo mama mkwe amelishikilia, litapita salama.

Au nimpeleke shule ya binafsi ya Kiingereza huko Masasi, ya bweni, ada 1,400,000 kwa mwaka, sare mbali. Mume wangu mwanzo alikataa, akasema mimi nimesoma hapo hapo na kusoma najua. Wiki iliyopita akaniambia kama nimeamua, yupo mtu atatupa hela sasa hivi, tutamlipa kwa korosho msimu ukifika. Hiyo ni kangomba, mama. Tuliwahi kuingia mwaka mmoja tukajuta.

Au nibaki. Lakini nikibaki nitapambana na nani, shemeji, mwalimu, au mimi mwenyewe? Nisaidie.

Mama wa Watatu, Tandahimba

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale ulipoweka kiganja juu ya picha. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi mkoani Lindi kabla ya kustaafu. Wapo walimu wanaokaa na mtoto mwaka mzima bila kufanya hilo ulilolifanya wewe kwa dakika moja barazani kwako.

Nikikusikiliza vizuri, naona umefunga mambo matatu kwenye pindo moja la kanga. Kuna mtoto ambaye kusoma kumemkwama. Kuna shule ambayo unaona imewaangusha, wewe na wenzako. Halafu kuna yale yaliyozuka chini ya mwembe, shemeji, mwalimu na mihogo. Yote yanauma kwa pamoja, ndiyo maana kuhama kunavutia, kwa sababu kunaonekana kuyamaliza yote siku moja. Naomba tulifungue hilo pindo kwanza, tutazame kimoja kimoja.

Nianze na mtoto. Umeandika kwamba hajui kusoma. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. "Baba" amesoma. "Meza" amesoma. "Kalamu" amesoma, na kalamu ni silabi tatu. Kwenye "korosho" amepita "ko", amepita "ro", akaanguka kwenye "sho". "Mwalimu" imemkwamisha mwanzoni kabisa, kwenye "mwa". Ng'ombe vivyo hivyo. Unaona mahali pamoja panapomwangusha? Silabi za herufi moja na irabu anazo. Silabi ambazo herufi zimeambatana, sh, mw, ng', nd, mb, kw, hizo hana. Huyo hayuko mwanzo wa safari. Amefika kwenye kivuko fulani akakosa mtu wa kumshika mkono, darasa likaondoka. Na darasa la tatu haliwasubiri, kwa sababu pale masomo yanaongezeka, na kila somo linamchukulia mtoto kana kwamba kusoma alikwisha kumaliza darasa la pili. Akabuni njia yake ya kuishi humo ndani, ya kukariri kwa sikio na kuotea kwa picha. Mtoto anayeweza kukariri ukurasa mzima kwa kusikia wenzake ana akili, mwanangu. Hilo nalisema kwa sababu najua usiku ule ulijiuliza.

Ukitaka kujua zaidi amesimama wapi, huhitaji mtaalamu. Wale wa utafiti wa Uwezo, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa nchini tangu mwaka 2010, walimpima mtoto kwa ngazi: silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Unaweza kufanya hivyo hivyo kwa mkaa wako. Mwandikie sha, she, shi, sho, shu. Halafu maneno ya nyumbani kwake, shamba, shoka, mashine, korosho. Akizishika, nenda mwa, mwe, mwi. Robo saa kabla giza halijaingia inatosha, na acha kabla hajachoka. Mtazame pia macho na masikio. Katika darasa la watoto 103 anakaa dawati la ngapi, na ubao anauona? Na kama nyumbani lugha yenu kubwa ni Kimakonde, yapo maneno ya Kiswahili ambayo kwake ni sauti tu mpaka picha imwambie ni nini. Nimewaona watoto wa namna yake wakivuka kwa muhula mmoja, na wengine wamechukua mwaka, kwa hiyo siwezi kukuahidi tarehe. Na kaka yake, kama jioni hiyo yupo, mwache akae hapo barazani. Usimwite, usimwambie neno. Akae tu.

Sasa ile namba 14. Uliuliza swali zito kuliko ulivyodhani. Nafasi inasema mtoto amewapita wangapi, haisemi anajua nini, na maswali ya kuchagua jibu humpa mtoto mwerevu wa kubahatisha alama ambazo hazitoki kwenye kusoma. Lakini hesabu upande wa pili. Kama wa 14 anasoma picha, wale 89 walio nyuma yake wanasoma nini? Shemeji yako alisema ni jambo la mtoto mmoja. Namba yenyewe inamkatalia, na wale kina mama watatu wa usiku wanamkatalia pia.

Nina swali kuhusu neno "mwisho katika kata". Wastani wa darasa la saba ni habari ya watoto waliokaa kwenye mtihani Septemba iliyopita, waliofundishwa kusoma miaka mingi nyuma, pengine na walimu ambao wameshahamishwa. Unaweza kuwa dalili ya kweli. Hauwezi kukuambia kama mwalimu wa binti yako wa leo ni mzuri au mbaya. Vivyo hivyo kwa hiyo shule ya Chikongola inayofaulisha. Kabla hujamfungia mtoto begi, mwombe dada yako akaulize mambo mawili tu: darasa la tatu lina watoto wangapi, na mtoto anayefika pale hajui kusoma wanamfanyia nini. Zipo shule za mjini ambazo wastani wake umebebwa na wazazi wanaolipia tuisheni jioni. Wa kwako asiyekuwa na tuisheni ataenda kukaa nyuma, katika darasa ambalo hata jina lake halijulikani.

Nisikilize na hili kuhusu walimu, ingawa najua una kidonda. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Ninyi mna 103 chumba kimoja. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wakati wa Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso pale Masasi, nilikuwa darasani. Januari iliyofuata walikuja watoto wenye ndevu zinazoanza kuota, wamekaa bega kwa bega na wa miaka saba, na mimi nikiwa mmoja mbele yao. Nilifurahi mpaka nikalia, kisha nikashindwa kuwasikiliza wakisoma mmoja mmoja, maana saa hazikutosha. Mwaka 2016 ulipoanza utaratibu wa elimu bila ada, na hata michango ya lazima ikaondolewa, ikajaa tena. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine ni za vitabu. Kwa watoto 600 ni 3,600,000, yaani 300,000 kwa mwezi, ya chaki, karatasi, mitihani na kitasa kilichovunjika. Hayo hayampi mwalimu yeyote ruhusa ya kumdhalilisha mtoto kwa sababu ya mama yake. Maneno yale yalikuwa makosa, na nisingependa uyameze. Nataka tu ujue kwamba unaweza kumkuta mtu aliyechoka mahali unapotarajia adui.

Kuhusu dada yako, nakuuliza kwa upole, kwa sababu umeandika sentensi moja ukapita haraka. Ana mtoto wa miezi minne, na anauza samaki. Samaki wanataka mtu aamke alfajiri. Siku mtoto amelia na ndoo ya samaki inasubiri, nani atabaki nyumbani? Simtuhumu dada yako, pengine ana moyo wa dhahabu. Ila nimewapokea darasani mabinti wengi waliopelekwa mjini "kusoma", wakarudi wanajua kulea vizuri kuliko kuandika. Mkikubaliana, semeni wazi kabla: saa za kazi za nyumbani, nani anakagua daftari, unakuja kumwona lini. Uhamisho wenyewe unaanzia kwa mwalimu mkuu, kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo hata kuondoka utaondoka kwa kuzungumza naye. Na kama ni kuhama, ni vyema iwe kabla hajasajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne mwakani.

Na unyago. Ulitaja kwa mstari mmoja. Je, ni sababu ndogo, au ndiyo sababu kubwa uliyoona haya kuiandika? Kama unahofia umri wake, au mafunzo yenyewe, au siku za shule zitakazoliwa, hilo linastahili mazungumzo yake na mume wako na mama mkwe. Wapo kina bibi wanaokubali kusubiri mtoto akue, au kupunguza siku ili aingie na kutoka ndani ya likizo, wakiombwa kwa heshima na mtoto wao wa kumzaa. Ukimficha mjini Desemba hii, Desemba nyingine ipo, na mama mkwe atakuwa na neno juu ya shule kila ukiitaja.

Masasi nitapita haraka. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Serikali ilitoa waraka unaozuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano. Wa kwako ni wa tatu. Shule ikikwambia inampokea bweni leo, iombe ikuonyeshe kibali chake. Pia kumbuka kwamba atakuwa anajifunza kuunganisha silabi katika lugha ambayo hata mama yake haongei naye, kabla hajamaliza kuziunganisha katika Kiswahili. Wapo waliofanikiwa, wapo waliopotea kabisa. Na fedha ya kangomba unaijua kuliko mimi. Korosho mtakayompa huyo bwana ni ile ile ambayo ingeuzwa mnadani na kulipa ada ya mwaka wa pili na wa tatu. Ila naomba uone kitu kingine hapo. Mume wako, aliyesema amesoma hapo hapo, ndiye aliyerudi akiwa tayari kuingia kwenye kitu kilichowahi kumuumiza, kwa ajili ya binti yake. Huyo mwanamume mko upande mmoja. Sijui kama mmeshaambiana.

Kubaki kuna ugumu wake, na sitaki kuupamba. Ukibaki, mlango wa kwanza naona ni mwalimu wa darasa, mchana, watoto wakiwa wameondoka, na uende na daftari la binti. Usimpelekee wastani wa shule wala maneno ya mkutanoni. Mwambie, "Mwalimu, amekwama kwenye silabi hizi. Nyumbani namfanyisha hivi. Nionyeshe wewe huwafundishaje, nisije nikamchanganya." Walimu wengi wetu hulainika tukiulizwa kazi yetu. Baada ya hapo, ukiona moyo wake umetulia, mwambie pia kwamba yale maneno mtoto aliyaleta nyumbani. Anaweza kuomba radhi, anaweza kununa. Akinuna na mtoto akaendelea kusemwa, mwalimu mkuu yupo, na juu yake afisa elimu kata. Hatari ni kwamba malalamiko yanayopanda yanaweza kumrudia mtoto darasani, na wewe ndiye unayemjua anavyovumilia.

La mihogo liache kando kwa sasa, hata kama linakatisha kipato. Ukilibeba pamoja na la mtoto, watasema unapigania biashara, na hoja yako nzuri itazama humo.

Wale kina mama watatu ndio ninaowafikiria zaidi. Mkiwa wanne, kila mmoja na daftari la mtoto wake, hamuendi kulalamika, mnaenda kuomba jambo moja linalowezekana. Kwa mfano, watoto wa darasa la tatu wasiosoma wapewe nusu saa kabla ya vipindi, mara tatu kwa wiki, na ninyi mfanye zamu ya kupika uji siku hizo. Kwa utaratibu wa elimu bila ada, sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi, kwa hiyo mwalimu mkuu alipotaja uji hakukosea kabisa, na ninyi mkija na uji mnakuja na mkono wenye kitu. Kama kijijini kwenu upo umoja wa wazazi na walimu, wenyewe tunauita UWAWA, mlango wa hilo ni huo. Kama haupo, kuna kamati, ambayo ina wazazi ndani yake na shemeji yako mbele. Alipokunyamazisha alikuwa mwenyekiti. Nyumbani ni shemeji, na ubavuni kwako yuko ndugu yake wa tumbo moja. Pengine mume wako aende peke yake jioni moja, wakae wawili, bila wewe. Pengine itamkera. Huyo ni mtu wenu, mnamjua.

Muda nao uutazame. Mtaala ulioanza Januari 2024 unaelekea elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo mbele yake ni mitatu, sio minne kama ya kaka yake. Na mwakani upimaji wa darasa la nne utakuja Oktoba au Novemba, korosho zikiwa zinaanguka. Umejihukumu kwa ajili ya kaka yake, na hukumu hiyo sitakuongezea. Mwanamke mwenye korosho chini ya mti na mvua inatishia hachagui kwa raha. Lakini mzungumze sasa, wewe na baba yao, nani ataokota msimu huo, awe binti yuko Tandahimba, Chikongola au popote. Nadhiri uliyoapa kimyakimya moyoni, mwenzako aifahamu.

Sijakuambia hama wala baki. Wewe ndiye utakayeamka na huo uamuzi kila asubuhi, na kwa jinsi ulivyomtazama mtoto wako, naamini una macho ya kuufikia.

Kitu kimoja tu nilikitafuta kwenye barua yako sikukiona. Tumesikia wasemavyo mwalimu mkuu, shemeji, dada, mume, hata mama mkwe. Yeye mwenyewe tumemsikia akisoma na tumemsikia akilia. Jioni moja, mkimaliza robo saa yenu, muulize kama angependa kukaa na mama mdogo mjini, na kama anaogopa kitu pale darasani. Muulize polepole, mkaa ukiwa bado mkononi. Kisha uniandikie alijibu nini, na kama "sho" imekubali.